Somo: Kusafiri na bastola kwa gari, jimbo hadi jimbo Marekani

Somo hili ni la madereva wetu wa malori na familia zinazotoka Ohio, Texas au Minnesota kwenda kuwaona ndugu pwani ya mashariki. Wengi huuliza kwanza wanunue bastola gani. Mimi naanza na njia, kwa sababu kibali cha kubeba bastola cha jimbo lako kinaweza kukosa nguvu mara tu unapovuka mpaka.

Oktoba 2013 mama mmoja wa Philadelphia, mwenye kibali halali cha Pennsylvania, alisimamishwa na polisi New Jersey. Mwenyewe akamweleza askari kwamba ana bastola. Alikamatwa papo hapo, akakabiliwa na kifungo cha lazima cha miaka kadhaa, mpaka Gavana Chris Christie akamsamehe mwaka 2015. Alidhani kibali kinavuka mpaka kama leseni ya udereva. Hakivuki.

Hatua ya 1. Andika majimbo yote utakayopita. Kwa kila moja, fungua tovuti ya polisi wa jimbo au ya mwanasheria mkuu wake uone kama wanakitambua kibali chako. Majimbo zaidi ya nusu yanaruhusu kubeba bila kibali, lakini New York na New Jersey hayatambui kibali cha jimbo lingine lolote.

Hatua ya 2. Jimbo lisilokutambua, pita kwa sheria ya shirikisho ya 1986. Inakulinda ikiwa silaha ni halali kwako unakotoka na unakokwenda. Toa risasi zote, kisha funga bastola na risasi kwenye buti. Gari lisilo na buti, tumia kasha lenye kufuli. Kijisanduku cha dashibodi au cha katikati ya viti hakihesabiki. Fanya hivyo kabla ya mpaka, na usikae. Kujaza mafuta ni sehemu ya safari; ukilala kwa shangazi siku mbili, kinga hiyo unaweza kuipoteza.

Hatua ya 3. Hakikisha silaha yenyewe inaaminika. Ipeleke uwanja wa shabaha, upige angalau risasi 200, zikiwemo za aina ile ile utakayosafiri nayo. Ikikwama, fundi aione kwanza. Isafishe, na ibebe kwenye ala inayofunika kifyatulio.

Hatua ya 4. Ukisimamishwa, zima gari, washa taa ya ndani, weka mikono juu ya usukani. Michigan, ukiwa umebeba kwa kibali, sheria inakutaka umwambie askari mara moja. Ohio, tangu 2022, unajibu ukiulizwa. Mweleze silaha ilipo, na usiisogelee wewe.

Usiiache garini usiku. Wezi wa magari wanazitafuta hizo hasa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi nina kadi ya kijani, bado si raia. Naruhusiwa?*
Ndiyo ndugu yangu, sheria ya shirikisho inakuruhusu. Aliye na viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi, asijaribu hata kuazima. Wewe pia jihadhari: kosa la silaha linaweza kukufukuzisha nchini.

*Kaka, naendesha lori la kampuni. Je?*
Hakuna sheria ya shirikisho inayomkataza dereva wa lori kwa sababu ya kazi yake tu. Lakini kampuni nyingi zinakataza, na utafukuzwa kazi hata kama hujavunja sheria yoyote. Soma mkataba wako. Kumbuka pia mizigo ya kambi za jeshi: getini huingii na bastola.

*Tunatoka Detroit kwenda harusi Toronto. Tukiifungia kwenye buti?*
Hapana dada. Kanada haimruhusu msafiri kuingia na bastola ya kujilinda, hata ikiwa imefungiwa, na sheria ile ya 1986 haivuki daraja la kuingia Kanada. Iacheni nyumbani kwenye sefu. Na hata ukiwa unapita Detroit tu, angalia vibao vizuri, maana ukikosea njia unaweza kujikuta kwenye foleni ya forodha ya Kanada.