Shampuu ya mba ya kuchanganya nyumbani kwa mafuta ya tea tree

Swali ninaloulizwa sana saluni ni hili: "Dada, nipake mafuta gani mba itoke?" Jibu langu huwa halipendwi. Usipake mafuta. Chukua ya tea tree, yatie kwenye shampuu kwa kipimo, osha nayo, suuza, basi.

Mimi ni msusi, niko Tanga. Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumwelekeza mteja wangu mmoja kwa simu, salio likaisha tukiwa katikati ya vipimo, na vipimo ndiyo kazi yenyewe. Mengine yote ni kuosha nywele tu.

Kwanza kwa nini nakataza kupaka. Kichwani kwa kila mtu anaishi fangasi wa jamii ya hamira, anaitwa Malassezia. Chakula chake ni mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa. Akiyavunja anaacha mabaki, hasa asidi ya oleiki, na ngozi za baadhi yetu haziyavumilii: zinawasha na kujimenya upesi kuliko kawaida, ndiyo hayo magamba meupe unayoyakung'uta mabegani. Fangasi huyu hana uwezo wa kujitengenezea mafuta, anategemea ya kupewa, na mafuta ya nazi na ya zeituni yana aina hasa anazozitumia. Najua bibi zetu wote walitupaka nazi. Nazi kwenye nywele sina ugomvi nayo. Ila ukiipaka kwenye ngozi yenye mba, magamba yanalowa na kulala, unaona umepona, na siku ya tatu unarudi kujikuna.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mba

Mba ni magamba madogo meupe au ya njano kidogo, kichwa kinawasha, lakini nywele hazinyofoki. Mtoto mwenye mabaka ya duara yasiyo na nywele, au yenye nywele zilizokatika karibu na ngozi, ana mapunye (wengine huita mashilingi). Hayo yanataka vidonge kutoka kituo cha afya, shampuu peke yake haiyamalizi. Magamba manene yaliyogandamana, na mengine kwenye viwiko na magoti, mwone daktari wa ngozi. Na mba iliyokuja ghafla kwa ukali, ikashuka kwenye nyusi, pembeni mwa pua na nyuma ya masikio, isikufanye uanze kuchanganya vitu jikoni. Nenda hospitali upimwe, na kipimo cha VVU kiwemo, kwa sababu kinga ikishuka mba ya namna hiyo hutokea sana.

Hatua ya 2: Nunua mafuta yenyewe

Tea tree ni mafuta tete, yaani yale yanayopatikana kwa kukeneka (kuchemsha na kukusanya mvuke) majani, maua au magome, si kwa kukamua mbegu. Mafuta ya mwarobaini na ya habasoda ni mazuri kwa kazi zake ila hayamo katika kundi hili, na vipimo vya hapa chini haviyahusu.

Mimi natumia tea tree peke yake. Kwenye chupa tafuta jina la kitaalamu, Melaleuca alternifolia. Ni mti wa Australia, hauna undugu na chai tunayokunywa, na siku hizi unalimwa pia Kenya, upande wa Mlima Kenya. Sababu ya kuuchagua ni kwamba umejaribiwa kwenye vichwa vya watu. Jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2002 lilikuwa na watu 126: wengine walioshea shampuu yenye tea tree asilimia 5 kila siku kwa wiki nne, wakiiacha kichwani dakika tatu, wengine shampuu isiyo na kitu. Wa kwanza walipata nafuu ya asilimia 41, wa pili asilimia 11. Siyo muujiza, lakini ni jambo lenye kipimo, na vipimo vyangu nimevichukua huko.

Wateja huniuliza kuhusu karafuu. Kiwanda cha Wawi kule Pemba kinakeneka mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, na yanaua vijidudu kweli. Lakini yamejaa yujenoli, na yujenoli inachoma ngozi. Aliwahi kukaa kwenye kiti changu mama mmoja aliyejipaka karafuu tupu usiku akafunga kilemba. Asubuhi ngozi ilikuwa imevimba na kutoa maji. Mchaichai unanukia vizuri kuliko yote ila nao unawasha ukizidi kipimo. Rozmari watu wanaifuata kwa ajili ya kukuza nywele, hilo ni somo lingine. Peremende inapoza mwasho kwa saa moja hivi na kukufanya uamini kitu kimefanyika. Kuchanganya yote matano kwenye chupa moja ni kutafuta mzio usiojua umetoka kwa nani.

Kuyajaribu dukani: omba kudondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Mafuta tete huruka, baada ya saa kadhaa karatasi inakuwa karibu safi. Karatasi ikibaki na doa kama iliyofungia maandazi, yamechanganywa na mafuta ya kupikia au mengine mazito. Jaribio hili halimkamati anayechanganya kwa spiriti, kwa hiyo bado nunua kwa mtu unayeweza kumrudia. Chupa iwe ya kioo cheusi au kahawia. Ya kioo cheupe iliyokaa juani dirishani achana nayo hata kwa bei ya bure: tea tree iliyopigwa na hewa na mwanga inageuka, na iliyogeuka ndiyo inayoleta mzio zaidi.

Hatua ya 3: Vipimo

Hapa ndipo simu iliishia, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Tunataka asilimia 5. Maana yake katika kila mililita 100 za mchanganyiko, mililita 5 ni tea tree na 95 ni shampuu. Kwa mara ya kwanza nakushauri uanzie asilimia 2, yaani mililita 2 kwa 98, uoshe mara mbili tatu, kichwa kikinyamaza ndipo upande hadi asilimia 5.

Maelekezo mengi utakayokutana nayo yanasema "weka matone kumi kwenye shampuu yako". Shampuu ipi? Chupa ya saluni ina mililita 500. Matone kumi ni kama nusu mililita, na nusu mililita ndani ya 500 ni asilimia 0.1. Umetia harufu tu, fangasi hata hajageuka. Halafu mtu anasema tea tree haifanyi kazi, anakasirika, anaipaka tupu, ambayo ni asilimia 100, na hapo ndipo ngozi inapoungua.

Tone nalo si kipimo. Vidondoshi vinatofautiana: chupa moja inatoa matone 20 kwa mililita, nyingine zaidi ya 30. Kwa hiyo achana na matone. Nenda duka la dawa ununue sirinji ya mililita 5, sindano uwaachie wao. Ng'oa kidondoshi cha chupa (kisu butu, taratibu, juu ya sahani), vuta mafuta hadi mstari unaotaka, yamimine mara moja. Usiyaache yakae ndani ya sirinji wakati unatafuta kifuniko: mafuta haya yanavimbisha mpira wa ndani na sirinji inagoma kusukuma. Ikishatumika itupe, usiirudishe kwenye droo ambamo mwenzako ataichukua ampimie mtoto dawa.

Chupa ya kuchanganyia: kioo cha kahawia cha mililita 100 ndicho ninachokipenda. Chupa za dawa ya kikohozi zinafaa sana, zioshe kwa maji ya moto na zikauke kabisa, kwa sababu maji yaliyobaki ndani yanapunguza kipimo na kuleta uozo. Lakini sikiliza. Chupa ya kikohozi yenye kitu ndani, mtoto ataijua kuwa ni ya kikohozi. Bandua lebo yote, andika kwa kalamu ya wino usiofutika SHAMPUU, SI YA KUNYWA, pamoja na tarehe, iweke juu. Tea tree ikinywewa ni sumu; kiasi kidogo tu kinatosha kumlegeza mtoto, kumfanya ayumbe na kulala usingizi usio wa kawaida. Ikitokea, usimtapishe, mkimbize hospitali na chupa mkononi. Wenye paka nao wajihadhari: ni sumu kwa paka, na paka hujilamba.

Shampuu ya kuchanganyia iwe nyepesi, inayoonekana ng'ambo, isiyo na harufu kali. Ya watoto inafaa. Zile nzito nyeupe zenye kondishena ndani yake sizitumii, na sabuni ya kipande iliyoyeyushwa sizungumzii kabisa. Kwenye maji matupu pia usijisumbue: mafuta yataelea juu, dawa yote itaangukia sehemu moja ya kichwa, kwingine utajimwagia maji tu. Ni povu la shampuu linaloyashika mafuta na kuyasambaza.

Sasa changanya. Mimina nusu ya shampuu, tia mafuta, malizia shampuu. Funga, pindua chupa juu chini polepole mara nyingi. Ukiitikisa kwa nguvu utapata povu hadi shingoni na hutajua kama imechanganyika. Ilaze usiku mmoja. Asubuhi itazame kwenye mwanga. Ikiwa imekuwa nyepesi kama maji, usishtuke, shampuu nyingi hupoteza uzito zikitiwa mafuta, na dawa imo. Usiongeze chumvi wala unga ili iwe nzito. Ukiona utepe wa mafuta umejitenga juu, shampuu yako haina nguvu ya kuyabeba: ipindue kila unapotaka kutumia, na safari ijayo badilisha shampuu au shuka hadi asilimia 2.

Tengeneza mililita 100 tu kwa wakati. Ukitengeneza lita moja kwa sababu ndoo ilikuwa karibu, nusu yake itachakaa kabla hujaifikia.

Hatua ya 4: Jaribu mkononi

Paka kidogo ndani ya kiwiko, suuza baada ya dakika tano, ngoja siku mbili. Pakiwa pekundu au pakiwasha, acha. Mjamzito aulize kliniki kwanza. Watoto wadogo siwaoshei kwa hii.

Hatua ya 5: Osha

Fumua misuko. Kuosha juu ya rasta za wiki sita ni kuosha rasta. Kama umetia dawa ya nywele wiki hii, ahirisha hadi vidonda vyote vipone, kwa sababu ngozi iliyochubuka inanyonya zaidi na inachoma. Na usikwangue mba kwa kitana kabla ya kuosha. Najua inavyopendeza kuona yale magamba yakianguka kwenye kanga, lakini unachana ngozi.

Gawa nywele mafungu manne hadi sita. Pakaa kondishena nchani, ili shampuu isizikaushe. Lowesha, chukua shampuu kidogo kwa kila fungu, isugue kwenye ngozi kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Inamisha kichwa nyuma, maana ikiingia machoni utalia kweli. Weka saa ya simu dakika tatu. Tatu kamili, bila saa watu huhesabu dakika moja wakaiita tatu. Suuza kwa maji mengi hadi utelezi uishe. Kwa maji ya ndoo andaa ndoo mbili, moja haitoshi kwa nywele nzito.

Kausha kabla ya kufunga kilemba, kuvaa hijabu au kusuka. Mafuta yako ya nazi sasa yanaruhusiwa, kuanzia katikati ya nywele kwenda nchani.

Hatua ya 6: Endelea wiki nne

Wale wa Australia waliosha kila siku. Nywele zetu za kipilipili haziwezi, zingekatika. Mimi nawaosha wateja mara mbili kwa wiki, na nawaambia mapema kwamba nafuu itachelewa. Mwanamume mwenye kichwa cha kinyozi anaweza kuosha hata siku moja baada ya nyingine. Kipindi hicho suka misuko ya kufumuka haraka, au acha nywele zipumzike. Mba haiambukizi, lakini kofia za kulalia na foronya zilizolowa mafuta ya zamani zifue.

Ikipungua, shuka hadi mara moja kwa wiki au kwa wiki mbili. Ukiacha kabisa itarudi, kwa kuwa fangasi ni mkaazi wa kudumu.

Wiki nne zikipita bila mabadiliko, nenda duka la dawa uulize shampuu ya ketokonazoli asilimia 2, mara mbili kwa wiki, nayo unaiacha kichwani dakika tatu hadi tano. Usizitumie zote mbili siku moja. Tea tree iliyobaki ifunge vizuri, iweke kwenye friji nyuma ya maziwa, andika tarehe uliyoifungua, na ikifika mwaka itupe hata kama bado inanukia vizuri.