SOMO: Kuunganisha idara ya chuo na mradi huria wa sauti za Kiswahili

Habari wakuu. Wengi mmeuliza chuo kinaanzaje kushirikiana na mradi wa programu huria kwenye mambo haya ya akili mnemba. Nitatumia mfano wa Common Voice wa shirika la Mozilla, ulioanza mwaka 2017: watu husoma sentensi kwa sauti na kurekodi, ili kompyuta zijifunze kuelewa usemi. Unataka simu na intaneti tu, na Kiswahili kimo.

Hatua ya 1: Tafuteni mhadhiri mwenye kozi. Msianzie ofisi ya makamu mkuu wa chuo. Hati ya makubaliano huzunguka maofisini hadi wanafunzi wenye ari wanahitimu. Kozi ina wanafunzi wapya kila mwaka na ina tarehe ya kukabidhi kazi. Idara ya Kiswahili iwepo tangu mwanzo, si kuitwa mwishoni kusahihisha.

Hatua ya 2: Leseni na vibali. Data ya Common Voice hutolewa kwa CC0: haki zote zimeachiwa, hata kampuni ya biashara yaweza kuitumia. Kila mshiriki aambiwe hivyo kabla hajarekodi. Mkifanya utafiti wenu juu yake, pitieni kamati ya maadili ya chuo, na muulize mapema kuhusu kibali cha utafiti cha tume ya sayansi na teknolojia: COSTECH (Tanzania) au NACOSTI (Kenya).

Hatua ya 3: Sentensi. Hapa msiwe na haraka, maana sentensi mbovu huharibu kila kinachofuata. Riwaya zenye hakimiliki msizinakili. Andikeni zenu, fupi, chini ya maneno 15. Tarakimu marufuku. Chukua "Basi linaondoka 12:30". Mmoja atasoma "saa sita na nusu", mwingine "saa kumi na mbili na nusu". Maandishi ni yaleyale, sauti mbili tofauti, na kompyuta hujifunza kwa kulinganisha hivyo viwili. "Dkt." na "Sh." nazo ziandikwe kwa kirefu. Kisha andikeni Kiswahili kinachosemwa: "Nitumie na ya kutolea", "Mtoto anaharisha tangu jana". Mkijaza sentensi za hotuba, mtapata mashine inayoelewa hotuba tu, na mama aliyeko zahanati haitamsikia.

Hatua ya 4: Kurekodi. Watu wengi, kila mmoja kidogo, ni bora kuliko kijana mmoja mwenye klipu (rekodi fupi za sentensi) elfu. Kila mtu atumie akaunti yake, kwa sababu umri na jinsia hutoka huko. Watafuteni wanawake na wazee kwa makusudi. Darasa la kompyuta peke yake halitawaleta.

Hatua ya 5: Kuhakiki, kisha kutumia. Klipu hukubaliwa baada ya kupata kura mbili za ndiyo kutoka kwa wahakiki walioisikiliza. Data ikitoka, wanafunzi wa mwaka wa mwisho waitumie kufunza modeli huria ya kugeuza sauti kuwa maandishi, kama Whisper, iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, na waweke msimbo wao wa programu hadharani. Bila hatua hii chuo kinabaki mkusanyaji tu, na mimi ushirikiano wa namna hiyo siupendi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Msomaji akitamka "zahabu" badala ya "dhahabu", tukatae?*
Kubalini. Hiyo ni lafudhi, na ndiyo tunayoitafuta. Lakini ikiwa imeandikwa "nimeshakula" naye akasema "nimekwisha kula", kataeni, maana amebadilisha maneno.

*Chuo chetu kinataka data iwe mali yake.*
Basi mradi huu hauwafai, na ni heri mjue sasa. Sauti ikishatolewa kwa CC0 watu wakaipakua, hairudi. Waonesheni wakuu wenu maandishi ya leseni kabla ya klipu ya kwanza.

*Washiriki walipwe?*
Mradi wenyewe ni wa kujitolea, lakini bando msiwabebeshe wanafunzi. Ombeni idara ifungue maabara yenye Wi-Fi jioni, na mtenge chumba chenye mapazia, kwa sababu chumba kitupu kina mwangwi na klipu zake husumbua wahakiki.