Somo: kuchagua laini ya simu kwa kuangalia mazingira na haki (sisi wa Lamu)

Salaam jamaa. Hapa dukani Langoni naulizwa sana laini ipi ni safi, ile isoharibu mazingira wala isomnyonya mtu. Laini safi kabisa hakuna, tusidanganyane, ila zinatofautiana na kuna vitu unaweza kuvikagua mwenyewe.

Hatua ya 1. Netwaki kwanza. Mvuvi anayetoka Kizingitini hawezi kuambiwa achukue laini isoshika eti kwa sababu ya mazingira, baharini simu ni uhai. Uliza watu wa kijiji chako, usiulize wa Amu mjini.

Hatua ya 2. Mnara wa simu unakula nini? Umeme wa gridi Kenya karibu asilimia 90 ni mvuke wa Olkaria, mabwawa, upepo wa Turkana na sola, hata Langobaya huko nyuma ya Malindi kuna shamba la sola lilianza kazi 2021. Kwa hivyo mnara ulounganishwa na stima hauna ubaya sana, shida ni ule unaokunywa dizeli, nao hujificha wapi, pita jioni karibu utasikia jenereta inanguruma. Sisi ndio tulopinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, hapa Lamu, mpaka leseni yake ikafutwa Juni 2019, sasa dizeli ya mnara mbona hatuiulizi? Kampuni kubwa hutoa ripoti kila mwaka. Safaricom kwa mfano imeahidi kufikia sifuri ya kaboni, yaani isizidishe tena hewa chafu, ifikapo 2050, sawa, lakini wewe tafuta kwenye ripoti minara mingapi imetiwa sola mwaka huo, picha za mabosi wakipanda mikoko zipite.

Hatua ya 3. Namna wanavyokula pesa yako. Angalia kredo ya kukopa inakatwa ngapi, na kama meseji za kamari zinakuja bila kuombwa. Ukichoka, tangu 2011 unaweza kuhama kampuni na namba yako ile ile, ila akaunti ya pesa haikufuati, ndio maana wengi hawahami. Toka 2018 pesa inatumwa kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, basi laini mbili kwa simu moja inatosha kupunguza makali.

Hatua ya 4. Siri zako. Piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, utashangaa. Kuna sheria ya data ya 2019 na kamishna wake, malalamiko yanapokelewa.

Hatua ya 5, na kwangu hii ndio penyewe. Simu yenyewe! Moshi mwingi unaochafua hewa kwa ajili ya simu hutoka wakati inatengenezwa, kabla hujaiwasha, na ndani yake mna madini ya kobalti na koltani, nyingi za Kongo, ambako watoto wamekutwa wakichimba kobalti kwa mikono. Sasa mtu anahama laini apate simu mpya ya bure au ya lipa mdogo mdogo, ile ya zamani inatupwa na ilikuwa inataka betri tu. Tena hizo za mkopo ukikosa kulipa hufungwa, na ikifungwa hata mimi fundi siwezi kuifanya kitu, ni takataka yenye kioo kizima. Kabla hujasaini uliza nikimaliza deni inafunguka kabisa ama la? Simu ikae miaka minne mitano, itie kava, usiiache kwenye chumvi ya mashua.

MASWALI

Kijana wa Faza: Fundi, nikitumia eSIM, ile laini isiyo na kadi, si napunguza plastiki?
Jibu: Kidogo sana kaka. Kale kakadi ni chembe. Ukinunua simu mpya ili upate eSIM umeharibu zaidi ya ulichookoa.

Mama wa Mkomani: Mwanangu, wanasema mnara ukiwa karibu na nyumba unaleta maradhi, ni kweli?
Jibu: Shikamoo mama. Shirika la Afya Duniani mpaka sasa halijathibitisha kuwa mawimbi ya mnara yanaleta ugonjwa. Mimi ningeogopa zaidi moshi na makelele ya jenereta. Na mnara mpya lazima upite NEMA, mamlaka ya mazingira, wakija kuomba maoni ya majirani nenda ukaseme, usitume mtoto.

Bwana wa Mokowe: betri ya simu imefura kama andazi nifanyeje, niitupe jalalani na taka zingine?
Jibu: Hapana ami! Usiitoboe, usiichome, wala usiichaji tena. Itie kwenye mkebe wa mchanga mkavu mbali na watoto, halafu uliza duka la kampuni yako kama wanapokea vifaa vibovu. Wakikataa niletee mimi, nazikusanya na mtu akienda Mombasa anazipeleka kwa wanaokusanya taka za elektroniki.