Serikali ya Marekani ikitaka ardhi yako, usikimbilie kusaini

Barua ikishafika kwamba wanataka kiwanja chako kwa ajili ya barabara, tulia kwanza. Katiba, Marekebisho ya Tano, inasema wachukue kwa matumizi ya umma tu na walipe fidia ya haki, ila hayo matumizi ya umma usiyategemee sana, 2005 kwenye kesi ya Kelo Mahakama ya Juu iliruhusu mji wa New London uchukue nyumba za watu kwa mradi wa kukuza uchumi (majimbo mengi yalibana sheria zao baadaye, afadhali). Kwa hiyo ugomvi mkubwa ni bei.

Omba ripoti yao ya tathmini, angalia wamekulinganisha na nyumba zipi, halafu tafuta mthamini wako mwenyewe. Wakimega kipande usihesabu ukubwa wa kipande peke yake, maana barabara ikila paking ya mbele ya duka, duka lililobaki nalo limeshuka thamani na hiyo hasara unaidai, hapa ndo watu wengi wanapunjwa.

Mradi ukiwa na hela za serikali kuu, sheria ya 1970 inakupa msaada wa kuhama, na kwa kawaida hutolewi nyumbani bila notisi ya angalau siku 90. Wakiweka mahakamani hela za fidia waliyokadiria wao, mara nyingi unaweza kuzitoa huku unaendelea kudai zaidi, ila sehemu nyingi ukizitoa huwezi tena kupinga ardhi yenyewe kuchukuliwa, so ongea na wakili kabla hujazigusa.