Kupiga hesabu ya presha inayopotea kwenye kona kali za bomba

Maji hayawezi kugeuka ghafla. Yakifika kwenye kona ya nyuzi 90 isiyo na mviringo, huachana na ukuta wa ndani mara tu baada ya kukata kona, hubanwa upande wa nje na kuongeza mwendo, huku upande wa ndani ukibaki na maji yanayojizungukia tu. Nguvu nyingi hupotea mbele kidogo, pale mkondo uliobanwa unapotanuka kujaza bomba tena.

Tuchukue pampu inayopandisha lita 1 kwa sekunde hadi kwenye tangi, kwa bomba la plastiki lenye urefu wa mita 30, kipenyo cha ndani mm 25 na kona sita.

1. Hakikisha kipenyo cha ndani. Usiamini namba iliyochapwa kwenye bomba. PPR (bomba la plastiki la kuunganishwa kwa joto) ya mm 32 daraja la PN20 (la presha ya baa 20) ina ukuta wa mm 5.4, kwa hiyo nafasi ya maji ni mm 21.2 tu. Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika.

2. Tafuta mwendo. Gawanya ujazo wa kila sekunde (mita za ujazo) kwa eneo la tundu (mita za mraba): 0.001 ÷ 0.000491 = mita 2.04 kwa sekunde.

3. Tafuta namba ya Reynolds, inayoonyesha kama maji yanapita kwa utulivu au kwa msukosuko. Mwendo mara kipenyo, gawanya kwa mnato wa maji (0.000001 kwenye nyuzijoto 20). Jibu ni kama 51,000. Ukivuka 4,000 mtiririko ni wa msukosuko, na mabomba ya maji ya nyumbani huvuka karibu kila yanapofanya kazi.

4. Chagua kigawo K, namba inayoonyesha kona inakula presha kiasi gani. Kona iliyokatwa mshazari na kuunganishwa: 1.1 hadi 1.3. Elbo fupi ya kawaida: karibu 0.9. Bendi ndefu: karibu 0.4. Majedwali hayakubaliani sana; chukua namba ya juu.

5. Zidisha. Upotevu = K × V² ÷ 2g, ambapo V ni mwendo na g ni mvutano wa dunia (9.81). V² ÷ 2g ni mita 0.21, hivyo kona kali moja (K 1.3) hula sentimita 27 za kimo cha maji, na sita hula mita 1.6. Kwa bendi ndefu zote sita ni nusu mita.

Sasa linganisha na msuguano wa bomba lenyewe. Kwa plastiki laini, kigawo cha msuguano ni 0.316 ÷ mzizi wa nne wa Reynolds, yaani 0.021. Kizidishe kwa urefu ÷ kipenyo, kisha kwa V² ÷ 2g: mita 30 hula mita 5.3. Kona si mkosaji mkuu! Ukiweka bomba la ndani mm 32, kona zile zile kali hushuka hadi mita 0.6 na msuguano hadi mita 1.7. Kama bajeti inaruhusu badiliko moja, panua bomba kwanza.

6. Panga nafasi. Kabla ya mita ya maji acha bomba lililonyooka mara 10 ya kipenyo, na baada yake mara 5, maana kona huacha mizunguko miwili pacha inayopotosha usomaji. Usifunge elbo kwenye mdomo wa kufyonza wa pampu: maji huingia yakiwa yameegemea upande mmoja, pampu ikapiga kelele na kuliwa.

7. Funga klempu pande zote mbili za kona. Kwa presha ya baa 4, kona hii husukumwa nje kwa nyutoni 280 hivi, sawa na uzito wa kilo 28. Karibu zote zinatokana na presha. Mwendo wa maji huchangia nyutoni 3 tu. Kwa hiyo kona huweza kuchomoka hata koki zote zikiwa zimefungwa na maji hayatembei. Maji yakiwa na mchanga, kagua ukuta wa nje wa kona, ndio hutoboka kwanza.