Namna ya Kuifikia Jamii Kabla ya Kuandikisha Washiriki wa Utafiti wa Kitabibu

Dawa ya usingizi iitwayo zolpidem iliidhinishwa Marekani mwaka 1992, lakini ilikuwa mwaka 2013 ndipo mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilipopunguza kipimo cha kuanzia kwa wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa kuwa miili yao huiondoa polepole zaidi. Ndiyo maana ni muhimu kujua ni nani hasa anayeshiriki katika majaribio, na kazi hiyo huanza mapema kuliko watafiti wengi wanavyodhani.

Hatua ya kwanza ni kuipitia itifaki, yaani mpango ulioandikwa wa utafiti, kabla haijapelekwa kwenye kamati ya maadili. Linganisha watu wanaougua ugonjwa husika na watu ambao vigezo vyako vya kushiriki vitawakubali. Ukikuta kigezo kinachowaondoa wazee, wenye shinikizo la damu au wasiojua lugha fulani, uliza sababu yake ya kitabibu. Vigezo vingi, kwa uzoefu wangu, vimenakiliwa tu kutoka itifaki ya zamani.

Hatua ya pili ni kuunda bodi ya ushauri ya jamii wakati bado kuna jambo linaloweza kubadilishwa. Usiishie kwa viongozi. Watafute wagonjwa, wanaowauguza, na hata mtu aliyewahi kukataa kushiriki, kisha walipe kwa muda wao kama unavyomlipa mtaalamu mwingine yeyote.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo nzito kuliko zote, ni kwenda kuwasikiliza watu wenyewe. Usiende na hotuba ya kuwaomba wakuamini, kwa sababu wapo wenye sababu za kutoamini. Katika utafiti wa Tuskegee huko Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, wanaume weusi 399 wenye kaswende walifuatiliwa bila kuambiwa ukweli kuhusu ugonjwa wao, na hawakupewa penisilini hata ilipokwisha kujulikana kuwa ndiyo tiba. Jambo kama hilo likitajwa mkutanoni, likubali kwa jina lake, kisha eleza ni ulinzi gani uliopo sasa na nani anaweza kuusimamisha utafiti wako.

Mimi huenda na vichupa vitupu vya damu. Katika mkutano mmoja mama mtu mzima alikichukua kimoja, akakigeuzageuza, akauliza, "Damu yangu ikishaingia humu, itakaa wapi, na nani ataigusa?" Nilimwonyesha kwamba kiasi chenyewe, mililita 10, ni sawa na vijiko viwili vya chai, lakini maswali yake sikuweza kuyajibu kikamilifu, kwa kuwa itifaki yetu ilisema tu kwamba sampuli "zitahifadhiwa". Tulirudi tukaiandika upya sehemu hiyo, tukataja mahali, muda na haki ya mshiriki ya kutaka sampuli yake iharibiwe.

Baada ya hapo ondoa vikwazo vya kawaida: rudisha nauli siku ileile, fungua kliniki jioni au mwishoni mwa wiki, na uwe na mahali pa watoto kukaa. Malipo yote yapitishwe na kamati ya maadili ili yasigeuke kuwa kishawishi. Wakati wa kupata ridhaa, mwombe mtu akueleze utafiti kwa maneno yake mwenyewe. Akikwama, kosa ni la maelezo yako.

Kila wiki hesabu, kwa kila kundi, walioelezwa, waliofika, waliokataliwa kwenye uchunguzi wa awali, walioandikishwa na walioacha. Kundi likipungua ghafla baada ya uchunguzi wa awali, rudi kwenye vigezo. Likipungua baada ya ziara ya pili, chunguza jinsi wahudumu wanavyowapokea watu.

Hatua ya mwisho ni kurudisha matokeo kwa watu walewale, katika lugha yao, iwe dawa imefaa au haikufaa. Hata utafiti ukisimamishwa kabla ya wakati, mkutano huo ufanyike, na yule aliyeuliza kuhusu damu yake aambiwe iko wapi leo.