Miezi mitatu ya Mshtarii kwa filimbi, klarineti na cello

Wengi wakitaka kutunga muziki wa noti kumi na mbili kuhusu anga hutandaza ramani ya nyota juu ya mistari ya noti, wakanakili vitone. Noti hurundikana mahali pamoja, kwingine pakabaki kimya, na msikilizaji haambulii nyota yoyote. Afadhali kuchukua uwiano.

Mwezi Io huizunguka sayari ya Mshtarii kwa siku 1.77, Europa 3.55, Ganymede 7.15: kila mmoja karibu mara mbili ya aliyemtangulia. Tena hawapangani wote watatu upande mmoja. Europa na Ganymede wakikutana, Io yuko ng'ambo ya sayari. Hapo umeshapata midundo.

Gawa mzunguko mmoja wa Ganymede katika nusu-pigo 16, yaani vipimo viwili vya mapigo manne. Cello, ambayo ni Ganymede, inaingia kwenye nusu-pigo ya 1 tu na kushikilia hadi mwisho. Klarineti (Europa) ni ya 1 na ya 9. Filimbi (Io) ni ya 3, 7, 11 na 15, kwa hiyo haiingii pamoja na wenzake hata mara moja.

Sasa safu, yaani mpangilio wa noti zote kumi na mbili, kila moja mara moja. Hesabu C kuwa 0 hadi B kuwa 11, kisha andika:

0 6 5 11 7 8 2 1 9 3 10 4

Humu hakuna noti tatu zinazofuatana zinazounda utatu wa meja wala maina, kama C, E, G. Utatu ukiponyoka, sikio hudaka ufunguo na noti zinazofuata husikika kama makosa. Kupata mgeuzo, yaani safu iliyopinduliwa ili kinachopanda kishuke, toa kila namba kwenye 12 (0 hubaki 0): F, yaani 5, inakuwa 7, yaani G. Kuhamisha ni kuongeza namba ileile kwa zote. Ikizidi 11, punguza 12.

Cello ipige safu ya asili mara moja: mizunguko 12, vipimo 24. Muda huohuo klarineti inamaliza safu mbili na filimbi nne, zinazotosha asili, mgeuzo, kinyumenyume na mgeuzo wa kinyumenyume.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Klarineti nayo ikianza na safu ya asili, 0 inaangukia 0 ya cello, na oktava hiyo hutoboa muziki wote. Ipe mgeuzo unaoanzia 3:

3 9 10 4 8 7 1 2 6 0 5 11

Katika mizunguko 6 ya kwanza haigusi noti iliyoshikwa na cello. Safu yake ya pili na zote za filimbi zikague kwa penseli, mzunguko mmoja mmoja. Inachosha, lakini hakuna njia ya mkato.

Kwa mapigo 60 kwa dakika, kipande kina sekunde 96 na kila noti ya cello ina sekunde 8: upinde mmoja unatosha ukipigwa polepole, kwa sauti kubwa utaisha njiani. Filimbi isikae kwenye oktava yake ya chini, itamezwa. Na klarineti ya B♭ iandikie toni nzima juu ya unachotaka kisikike.